Salamu Mbele ya Sikio

Kabla Navoneiwa hajakaa vizuri kitini, taa ya Sikio ilikwisha kuwaka njano, na darasa zima la jioni likaangua kicheko.

Lilikuwa swali la kwanza tu, tena la salamu. Sikio lilikuwa mezani mbele ya ukumbi wa usharika, juu ya kitambaa kilichofumwa na akina mama wa kwaya. Kwa umbo lilikuwa kama sufuria ndogo ya uji iliyofunikwa, jeusi, halina jicho wala mdomo, na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya upole kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Lilimwuliza kwa Kiingereza kama hajambo leo. Naye akajibu kwa Kiingereza, taratibu na kwa adabu, kwamba hajambo, anamshukuru Mungu. Njano.

"Mama Nakijwa," alisema Mwalimu Rwegoshora, akivua miwani, "mashine inasema hayo maneno umeazima."

"Nimeazima kwa nani, Mwalimu? Si wewe uliyenifundisha?"

Wakacheka tena. Mwalimu alikuwa Mhaya wa Muleba aliyestaafia Same kwa ajili ya mke, na watani wake hawakumwacha apumue. Wakasema Kiingereza cha Mhaya ni cha kukodi tangu zamani, mashine imekitambua tu. Naye akawajibu kwamba anawajua Wapare, mtu akifeli hapa kesho atakwenda kuishitaki sufuria.

Taa ya kijani maana yake ilikuwa kwamba maneno ni ya msemaji mwenyewe. Ya njano, kwamba ni ya kuazima. Zamani mtihani ule, wa kuruhusiwa kwenda kufanya kazi Visiwa vya Kaskazini, ulikuwa wa karatasi na vipaza sauti, lakini watu wakaanza kupachika masikioni punje ndogo kuliko mchele, punje inayosikia swali na kumnong'oneza mtu jibu. Wakapita madaktari wasioweza kuomba maji kwa Kiingereza. Mabwana wa Visiwa walipoona hivyo wakaunda Sikio, lisikilize na mwili pia: pumzi, mapigo ya moyo, joto la koo. Neno na mwili vikienda pamoja, neno ni lako. Vikiachana, kuna mwingine anayesema ndani yako. Na swali la salamu ndilo lililokuwa timazi ya mtihani wote, kama ile kamba ya fundi mwashi yenye jiwe chini. Timazi ikienda upande, ukuta wote unahesabiwa umepinda, hata kama kila tofali limekaa sawa.

Matofali ya Navoneiwa yalikaa sawa. Alikuwa fundi wa nguo za misuli katika hospitali ya wilaya, zile nguo zinazovaliwa na watu waliovunjika migongo au waliozeeka magoti, zenye kano za bandia zinazokaza na kulegea badala ya zile zilizokufa. Ukimwuliza kwa Kiingereza namna ya kubadili kano ya paja bila kumchubua mgonjwa, alikueleza. Alikwama, akarudi nyuma, akachanganya wakati uliopita na ujao, lakini taa ilikaa kijani mwanzo hadi mwisho. Salamu ndiyo iliyomwangusha mara mbili Moshi, kwenye mtihani wenyewe.

"Useme ulivyo," Mwalimu alimwambia kwa mara ya kumi. "Wao hawataki heshima hapo. Kama una hofu ya mtihani, sema una hofu ya mtihani."

"Mwalimu, mtu akikuuliza habari, unamtupia maiti mlangoni?" Navoneiwa alisema. "Unamwambia njema. Anaingia, anakaa, anapewa maji. Ndipo unamwambia."

Hata watani, kila mmoja wao alikumbuka asubuhi fulani mtu alipobisha hodi, akajibu kwamba atokako ni kwema, watoto hawajambo, mvua zimenyesha, na baada ya hayo yote akasema, ila mzee ametutoka.

Alijaribu hata hivyo. Akalijibu Sikio kwamba ana hofu kidogo ya mtihani. Njano vilevile. Hilo lilimshangaza Mwalimu, na Navoneiwa akarudi kwenye benchi akitazama vidole vyake. Kama si hofu ya mtihani, ilikuwa nini?

Vingine vyote vya maombi vilikuwa tayari. Cheti cha ufundi kilikwisha kutafsiriwa, picha ya mapafu ilikuwa safi, na mwajiri wa huko, nyumba moja ya kulea wazee, alikwisha kuandika barua ya kumtaka. Lilibaki Sikio, na Sikio lilimruhusu mtu mara tatu tu. Isitoshe, aliyetimiza miaka hamsini hakupokelewa tena kama fundi, na yeye alikuwa anaukaribia mwaka huo.

Hakutamani Visiwa kwa ajili ya Visiwa. Binti yake, Nakijwa, aliolewa huko, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Ndugu hawakuruhusiwa tena kutembelea. Waliingia mafundi tu. Na kwao Upareni hakuna mama anayemwacha binti ajifungue wa kwanza peke yake, bila mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia mtori, na kumshika mtoto wakati mzazi anapolala. Kila Nakijwa alipopiga simu, mama yake alimwuliza habari, naye akajibu njema. Navoneiwa alijua thamani ya njema ile. Ni yeye aliyemfundisha.

*

Mwalimu alimwazima Sikio akae nalo Jumapili. Alilibeba kwenye kikapu pamoja na Biblia, na baada ya ibada, mumewe Elinami alipokwisha kuvua koti la mzee wa kanisa, akaliweka Sikio kwenye kigoda uani wakati akimkagua nguo yake.

Elinami aliporomokewa na mwamba katika machimbo ya jasi kabla Nakijwa hajaanza shule. Tangu hapo alitembea kwa nguo ya misuli, na kila Jumapili mkewe aliikagua, kama wanawake wengine wanavyowanyoa waume zao. Alikaa kwenye kiti cha miti, akanyoosha mguu, na Navoneiwa akapiga goti mbele yake na kupitisha vidole kwenye kano moja baada ya nyingine. Kwenye goti la kushoto vidole vilisimama. Kano ilikuwa imefungwa upya, lakini kinyume, fundo likiwa ndani mahali linapokula ngozi.

"Nani amekugusa hapa?"

"Hakuna."

"Baba Nakijwa."

Mzee alitazama migomba. Kisha akasema kwamba Alhamisi alipokuwa peke yake alilifungua na kulifunga mwenyewe, aone kama anaweza.

Navoneiwa alilifungua fundo lile, akaona ngozi chini yake ilivyoiva nyekundu, akaipaka mafuta. Wote wawili walijua sheria ya Visiwa. Kibali kilikuwa cha mtu mmoja. Mwenzi angeweza kufuata baadaye, lakini mwenye kutembea kwa nguo ya misuli hakuhesabiwa kuwa mzima. Walimtaka fundi wa kuwatunzia wazee wao waliovaa nguo hizo, hawakumtaka mzee wake aliyevaa nguo hiyohiyo. Waliisoma sheria hiyo pamoja siku ya kwanza. Elinami akasema haina neno, Mungu atafungua. Navoneiwa akasema ndiyo, atafungua. Hawakuizungumza tena.

Ili kuondoa uzito uliokuwa umeshuka pale uani, alimwambia mumewe amsaidie kujizoeza. Elinami alikijua Kiingereza cha salamu tu, tena cha machimboni. Akakaza uso kama askari wa mpakani, akamwuliza kama hajambo. Navoneiwa akacheka, akajibu. Njano. Akauliza tena, safari hii kwa sauti nyembamba ya Mwalimu Rwegoshora. Njano.

"Hili dude lako linatuonea," Elinami alisema. "Hebu niulize mimi. Niulize kwa Kiswahili, au halijui?"

Lilijua. Mwili hauna lugha. Navoneiwa akaligeuza likamwelekea, akafuta mikono yake yenye mafuta, na kwa mzaha, kama wageni wawili wanaokutana njiani, akamwuliza:

"Habari yako, Baba Nakijwa?"

"Njema, Mama Nakijwa."

Taa ikawaka njano.

Hakuna aliyecheka. Kuku alipita kati yao, akadonoa kitu kisichoonekana, akaenda zake. Ile taa iliendelea kuwaka kwenye kigoda, ndogo, haina haraka.

"Lizime," Elinami alisema.

Akalizima. Hapo mumewe akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa, na ndani yake mlikuwa na kiraka chembamba, cheupe kama utando wa yai. Navoneiwa alikijua. Darasani walikiita kitulizo. Ulikibandika nyuma ya sikio, mwili ukanyamaza, na Sikio likabaki na maneno tu, likayapa kijani kwa kukosa wa kuyapinga. Wengi walipita hivyo, na hakuna chombo kilichoweza kukigundua. Kilitumika mara moja. Ukikibandua, kimekufa.

"Wewe ni mzee wa kanisa," alimwambia.

"Najua mimi ni nani. Nimeomba juu ya jambo hili mpaka magoti haya ya bandia yameniuma. Sikuletewa jibu. Kwa hiyo nimekwenda kutafuta." Alikiweka kiganjani mwa mkewe, akavifunga vidole vyake juu yake. "Mtoto anajifungua. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu. Nakwenda kujifunza kufunga goti."

*

Kituo cha mtihani Moshi kilikuwa na ukumbi baridi, maua ya plastiki, na msimamizi aitwaye Bi Hidaya, mama mnene mwenye hijabu ya zambarau ambaye aliwaita watahiniwa mmojammoja, akimwita kila mmoja mwanangu, hata waliomzidi umri. Navoneiwa aliomba kwenda msalani.

Usiku alikuwa ameomba kwa muda mrefu. Alisema asante kwa uzima, asante kwa chakula, asante kwa mume, asante kwa mtoto, mpaka usingizi ukamchukua. Sasa mbele ya kioo alikifungua kile kikaratasi. Alimfikiria Nakijwa akiwa kwenye uchungu kati ya watu wasiojua jina la bibi yake. Mtu anayesoma Neno anajua kwamba wakunga wa Kiebrania walimdanganya Farao ili watoto waishi, na Mungu akawatendea mema. Basi hata hilo lina mahali pake, alijiambia. Akakibandika.

Kilifanya kazi upesi. Moyo ulipiga polepole, sawasawa, kama saa ya ukutani katika nyumba waliyohama watu. Alijitazama akaona mwanamke mtulivu sana, aliyefunga kilemba vizuri.

Akainamisha kichwa aombe, kama alivyofanya kabla ya kila jambo tangu akiwa msichana.

"Baba," alisema.

Hakuna kilichosogea. Neno lilitoka likaanguka kwenye sinki. Alilisema tena kwa Kipare, lugha aliyofundishiwa kuomba na mama yake, na hata hapo hakikusogea kitu. Alimtaja Nakijwa. Alimtaja Elinami, na goti lake, na fundo lililofungwa kinyume. Yalikuwa maneno sahihi yote, na yeye alikuwa kama anayesoma majina ya watu asiowajua kwenye ubao wa matangazo.

Alifikiri juu ya wote waliopita kwa kitulizo, wala hakuwahukumu, maana kila mmoja alikuwa na wake anayemsubiri ng'ambo. Lakini mtu huenda wapi na mwili usiosikia jina la mwanawe? Angemkanda Nakijwa kwa mikono gani? Najua, alijiambia, kitatoka jioni. Ndiyo, kitatoka. Ila atakuwa amekwisha kujifunza kwamba kinabandikika, na huko aendako zitakuwa siku nyingi za kukitamani.

Akapeleka ukucha nyuma ya sikio, akakibandua. Kikajikunja, kikawa kijivu kama ganda la kitunguu.

Ndipo kikaja kile kitu chenyewe, kile ambacho si hofu ya mtihani, kikamjaa kifuani mpaka akashika ukingo wa sinki. Safari hii hakusema asante. "Baba, sitaki kumwacha," alisema. "Na sitaki kumwacha." Wa kwanza alikuwa mume na wa pili alikuwa mtoto, na Aliyekuwa akisikiliza hakuhitaji kufafanuliwa.

Bi Hidaya alimgongea mlango. "Mwanangu, umefikiwa."

Chumbani mlikuwa na kiti, meza na Sikio. Msimamizi alikaa pembeni na kishikwambi chake mapajani, akampa ishara. Sauti ile ya upole ilimkaribisha kwa Kiingereza, ikamwuliza kama hajambo leo.

Alikuwa amepanga kusema kweli moja kwa moja. Lakini kinywa ni mtoto wa nyumbani kwake, kinarudi kwenye mlango kinaoujua.

"Sijambo, namshukuru Mungu," alisema kwa Kiingereza.

Njano.

Darasani, hapo ndipo alipokuwa akinyamaza, kwa sababu kitabu cha Mwalimu kilikuwa na mistari miwili tu, wa anayeuliza na wa anayejibu, kisha wakapita kwenye habari za soko. Aliitazama taa, na akamkumbuka mjomba wake aliyeleta habari ya msiba wa baba, namna alivyosema njema nne mfululizo akiwa na vumbi la safari miguuni, na hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Hakuwa mwongo kwa sababu hakuishia hapo. Njema ilikuwa mlango, nyumba ilikuwa nyuma yake. Kumbe yeye miezi yote hii alikuwa akimfungulia mgeni mlango na kumwacha amesimama kizingitini.

Kiingereza nacho kina ila yake. Alikuwa amejifunza neno hilo zamani, hakuwahi kulitumia mahali pake.

"Ila," alisema.

Sikio lilingoja.

"Ila mume wangu amejifunza kufunga goti lake, ili mimi niondoke. Amelifunga vibaya. Ngozi imekuwa nyekundu. Yeye anasema njema. Mimi nasema njema. Binti yangu atazaa, na anasema njema." Alitafuta neno, hakulipata, akapita pembeni yake. "Mimi ni fundi. Nikienda, nani atamfungia? Nikikaa, nani atamshika mtoto? Kila mahali nitakapokuwa, namwacha mtu. Hivyo ndivyo nilivyo leo. Asante kwa kuniuliza."

Vitenzi vilikuwa vimevunjika kila mahali kama vyombo baada ya harusi. Lakini koo, pumzi na moyo vilikuwa vikitembea pamoja na kila neno, na alipofika kwenye shukrani aliona, kupitia machozi, kwamba taa ilikwisha kugeuka. Hakujua iligeuka wapi.

Sikio likaendelea kumwuliza habari za kano za paja, na taa ikakaa kijani mpaka mwisho.

Alipotoka, Bi Hidaya alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwafanyia wengine. Hakusema lolote juu ya mtihani, pengine hakuruhusiwa. Alimwambia tu kwamba mafuta ya nazi yaliyochemshwa na mchaichai ni mazuri kwa ngozi iliyoliwa na kano. Mama yake naye alivaa nguo ile.

*

Elinami alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha miti, na goti la kushoto lilikuwa wazi. Alikuwa amelifunga tena. Navoneiwa aliliona kutoka langoni: fundo lilikuwa nje, mahali pake, limelegea kidogo, lakini nje. Alijua kwamba mumewe alimsikia akifika na hakuinua kichwa makusudi, ili aonekane ana shughuli.

Akaweka kikapu chini. Akavua viatu. Mumewe alimsogezea kigoda kwa mguu ule, ili auone unavyofanya kazi.

"Pole na safari, Mama Nakijwa."

"Asante. Nimekukuta mzima?"

"Mzima. Habari za Moshi?"

"Njema," alisema.

Elinami alimpa maji kwenye kikombe cha bati, Navoneiwa akanywa yote, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. Mzee alingoja. Alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yakimwangalia usoni, hayakwenda kwenye migomba.

"Ila?" aliuliza.

Navoneiwa alisogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, la nyama na la kano, akaweka kiganja juu ya lile fundo, akalikaza kidogo.

"Ila nimefaulu," alisema.